Pampu ikizimwa, deni la maji ni la nani?

Matemwe hakuna makaa ya mawe, wala hakuna atakayekuja kuyatafuta. Mtu anayetoka Kigomani kwenda Mbuyutende anakanyaga jiwe la matumbawe lenye matundu na udongo kidogo uliojificha ndani ya mifuko ya jiwe, na chini ya hapo ni maji. Hata hivyo nimechagua kuandika juu ya migodi ya makaa iliyoachwa, kwa sababu swali lililozitesa nchi za migodi hiyo kwa zaidi ya miaka mia ndilo linalotukabili Unguja kila gari la mchanga linapotoka shimoni kwa mara ya mwisho. Wachimbaji wakishaondoka, maji yanabaki mikononi mwa nani? Mimi nadai hivi: shimo linalochimbwa hadi chini ya kiwango cha maji ya ardhini huzaa deni siku ile ile uchimbaji unapokoma, na serikali inayotoa kibali bila kuandika jina la mdaiwa imeshaamua, bila kumwambia mtu, kwamba atakayelipa ni mwanakijiji.

Tuanze na mgodi wenyewe. Mgodi wa makaa wa chini kwa chini huchimbwa ndani ya miamba iliyoshiba maji. Tabaka la makaa lina nyufa za asili, na mara nyingi limelaliwa na mwamba wa mchanga unaopitisha maji. Makaa yakitolewa, dari hukosa pa kuegemea. Ama nguzo za makaa huachwa bila kuchimbwa ili ziibebe, ama huachiwa iporomoke nyuma ya wachimbaji kadiri wanavyosonga mbele. Ikiporomoka, nyufa hupanda juu makumi ya mita, na maji yaliyokuwa yakipenya kwa shida hupata njia pana. Kwa hiyo mgodi mkavu ni mgodi unaokaushwa kila saa. Pampu haina sikukuu, na si ajabu uzito wa maji yanayopandishwa juu kwa mwaka ukazidi uzito wa makaa yaliyouzwa. Ndiyo maana kampuni inapofunga hesabu zake, pampu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimwa: inakula umeme na haitoi kitu cha kupeleka sokoni.

Yanayofuata huenda taratibu mno kwa mwanasiasa kuyaona. Maji hupanda mwezi kwa mwezi, wakati mwingine kwa miaka mingi, hadi yapate upenyo wa kutokea: kisima cha zamani, mdomo wa handaki, bonde la mto. Yakitoka huwa si maji yale yale yaliyoingia. Ndani ya makaa na miamba yake kuna madini ya chuma na salfa yaliyokaa mamilioni ya miaka bila kuguswa na hewa. Uchimbaji uliyakausha na kuyapa hewa, na maji yanayopanda huyaosha. Kinachotiririka ni maji ya tindikali yenye chuma kingi, na mto ukishayapokea hugeuka rangi ya kutu. Mgodi wa Wheal Jane huko Cornwall, Uingereza, ulikuwa wa bati, lakini kanuni ni moja. Ulifungwa mwaka 1991, pampu zikazimwa, na Januari 1992 lita zipatazo milioni 50 za maji yenye tindikali na metali zilifumka na kumwagika mtoni hadi kwenye hori ya bahari. Upande wa makaa, Waingereza waliunda mamlaka maalumu mwaka 1994, na hadi leo chombo hicho kinasafisha zaidi ya lita bilioni 100 za maji ya migodi kila mwaka. Mlipaji mkuu ni hazina ya serikali. Matajiri waliouza makaa hayo karne ya 19 wamekufa, na makampuni yao hayapo tena ya kudaiwa.

Uchafu wa mito ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maji yanayosubiri gizani. Tarehe 21 Machi 1973, katika mgodi wa Lofthouse, Yorkshire, wachimbaji walikaribia shimo la karne ya 19 lililojaa maji bila wao kujua, na ukuta uliobaki ukapasuka. Watu saba walikufa, na ni mwili mmoja tu uliopatikana. Tangu mwaka 1872 sheria ya Uingereza ilikuwa ikimlazimisha mwenye mgodi kukabidhi ramani anapoufunga. Shimo lile lilikuwa la kabla ya sheria hiyo. Linalouma zaidi ni kwamba uchunguzi uligundua kuwa habari za shimo hilo zilikuwamo katika daftari za wapima miamba wa serikali, na hakuna aliyezifungua. Miaka miwili baadaye, Desemba 1975, maji ya mgodi ulioachwa yalivunja na kuingia katika mgodi wa Chasnala karibu na Dhanbad, India, yakaua zaidi ya wachimbaji 370 kwa mkupuo mmoja. Julai 2002, huko Quecreek, Pennsylvania, wanaume tisa walinaswa chini ya ardhi kwa zaidi ya siku tatu baada ya kutoboa mgodi wa jirani uliokuwa umefurika. Ramani waliyoitegemea haikuonyesha umbali kamili ambao wazee wa mgodi ule walifika. Tisa hao waliokolewa wote, kwa ustadi na kwa bahati. Katika mikasa yote mitatu maji hayo hayakuwa siri ya asili. Yalikuwa matokeo ya kazi ya mikono ya watu, yakapotea katika kumbukumbu za watu.

Msomaji ataniuliza kama haya yanatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Yanatuhusu. Mererani, katika machimbo ya tanzanaiti, mvua za El Niño za Aprili 1998 zilifurisha mashimo na kuua makumi ya wachimbaji. Machi 2008 msiba ukajirudia. Maji yale yalitoka mawinguni na si mwambani, tofauti ambayo mtaalamu ana haki ya kuisisitiza. Lakini yalipita katika mahandaki yaliyotobolewa kutoka shimo moja hadi jingine, kila mchimbaji akifuata mshipa wake, na hicho ndicho kiini cha tatizo: mashimo yenye wamiliki mbalimbali juu huwa shimo moja chini, na maji hayaulizi mpaka wa leseni.

Kwa makaa hasa, tunao mgodi wa Kiwira, mpakani mwa Kyela na Ileje, nyanda za juu kusini. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1988 chini ya STAMICO, shirika la madini la serikali, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ukabinafsishwa, uchimbaji wa chini ukasimama mwishoni mwa muongo ule, na baadaye mgodi ukarudi mikononi mwa serikali. Makaa yalipoanza kutoka tena, yalitoka kwenye shimo la wazi la Kabulo. Katika miaka yote hiyo mijadala ya Bunge na magazeti ilihusu nani alinunua, kwa bei gani, wafanyakazi wanadai kiasi gani, na lini megawati 200 zilizoahidiwa zitapatikana. Yote hayo yalistahili kuulizwa. Lakini Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Kiwira na Songwe inaishia Ziwa Nyasa, ambako watu huvua, hunywa na huoga. Mahandaki yaliyo chini ya kiwango cha maji hayawezi kubaki makavu bila pampu. Swali la maji yaliyo humo lilipaswa kuulizwa kwa sauti ile ile ya swali la hisa, na halikuulizwa.

Huu si ugomvi wa kihistoria. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yalianza kumiminika bandari ya Mtwara kwenda nje. Machimbo ya sasa kwa sehemu kubwa ni ya wazi, lakini tabaka la juu likiisha watu hufuata makaa chini, kama ilivyokuwa kila mahali. Na Mzanzibari asijione mtazamaji tu. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba, wa kwanza mwaka 1980 na mwingine mkubwa zaidi mwaka 2013. Makaa yakiingia katika gridi ya taifa, sehemu yake itawaka katika taa za Mkunazini na katika viyoyozi vya mahoteli ya Matemwe. Anayetumia mwanga ana haki, na nadhani ana wajibu, wa kuuliza juu ya shimo.

Sasa turudi kisiwani, ambako somo hili lina uzito wa pekee. Maji baridi ya Unguja yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walipiga hesabu ambayo bado inafundishwa: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wake wa kutisha. Ukishusha kiwango cha kisima kwa mita moja, na ukaendelea kukishusha, maji ya chumvi yanaweza kupanda kukufuata kwa mita 40. Katika jiwe la matumbawe lenye mapango na mianya mambo hayaendi kwa unyoofu huo, na mara nyingi huenda vibaya zaidi, kwani chumvi hupata njia za mkato. Huko mgodini pampu ikizimwa kijiji cha bondeni hupata maji yasiyotakiwa. Huku kwetu pampu ikizidi kijiji hupoteza maji yanayotakiwa. Na ikizimwa pia tunaumia. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa bara, mifereji ikakauka kwa kuwa maji yetu ya bomba nayo yanapandishwa kwa umeme, na watu wakarudi kwenye visima vya kamba na ndoo.

Watu walio juu ya tabaka hilo jembamba la maji wanazidi. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ulikadiria kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Wakati huo watalii walikuwa wachache. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea zaidi ya 600,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu karibu milioni 1.9 Unguja na Pemba. Kila hoteli inajengwa kwa mchanga, kokoto na tofali, na mchanga wa kujengea wa Unguja unachimbwa nchi kavu, zaidi katika Wilaya ya Kaskazini B, sehemu kama Donge na Pangatupu. Huko ndiko yaliko mashimo yetu. Mengine ni ya kina kifupi na yanaweza kurudi kuwa shamba yakitiwa udongo. Mengine yamefika majini.

Shimo lililofika majini hudhuru kwa njia ambazo anayelipita njiani hazioni. Kwanza, maji yaliyokuwa yamefunikwa na ardhi yanakaa wazi juani, na jua la Zanzibar huyanywa mwaka mzima. Mvukizo huo ni kisima ambacho hakuna anayekisoma mita. Pili, udongo uliokuwa ukichuja uchafu haupo tena, kwa hiyo taka zitakazotupwa humo, na shimo la wazi halikosi taka, zinaingia moja kwa moja katika maji ambayo jirani anayateka. Katika mwamba wa mchanga uchafu hutambaa; katika matumbawe hukimbia. Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa upande wa Matemwe, ambako jiwe limetoboka kila mahali na visima vya wanakijiji, makaro ya vyoo na visima vya mahoteli vinagawana mwamba mmoja. Wazazi nao wana hofu yao kuhusu watoto kuogelea humo wakati wa masika, na hofu hiyo haihitaji mtaalamu.

Najua pingamizi la kwanza: kulinganisha shimo la mchanga la Donge na migodi ya Yorkshire ni kukuza mambo. Kweli, mchanga wetu hauna madini ya salfa ya kutengeneza tindikali, na hakuna mtu atakayezama mita 200 chini ya ardhi ya Unguja. Ukubwa wa madhara ni tofauti kabisa. Lakini hoja yangu inasimama juu ya mpangilio wa deni, na mpangilio huo ni ule ule: faida inakusanywa katika miaka michache na mtu anayejulikana, hasara inaenea kwa miaka mingi kwa watu wasiohesabiwa, na katikati yake kuna kibali kilichonyamaza. Tena kisiwa kina udhaifu ambao Yorkshire haina. Bonde la mto wao likiharibika wanaweza kuvuta maji kutoka bonde jingine. Sisi tumezungukwa na bahari.

La pili ni zito zaidi, nalo husemwa na watu wenye nia njema: nchi changa ikidai fedha za dhamana kabla ya jembe kugusa ardhi, mwekezaji atakwenda kwa jirani, na kijana wa Ileje au wa Donge atakosa kazi. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo haikwepeki kwa kutotajwa. Ujerumani iliunda mfuko maalumu mwaka 2007, miaka 11 kabla mgodi wake wa mwisho wa makaa magumu haujafungwa huko Bottrop Desemba 2018, kwa sababu sehemu za bonde la Ruhr zimetitia kiasi kwamba pampu zikizimwa makazi ya watu yatageuka ziwa. Pampu hizo zitaendeshwa bila kikomo, na mfuko ndio unaolipa. Ujerumani ni tajiri, utaniambia. Ndiyo, na ingawa ni tajiri iliona haiwezi kuliacha jambo hilo lisubiri. Nchi yenye bajeti nyembamba ina sababu zaidi ya kukusanya fedha wakati makaa bado yanauzwa, maana baada ya hapo hakuna wa kumwomba. Na mwekezaji ambaye faida yake yote inategemea kutolipia maji hakuwa na faida. Alikuwa na ruzuku kutoka kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa.

Wapo pia wanaosema maji ya migodi ni mali. Hawa nawapenda, kwa sababu wana ushahidi. Mji wa Heerlen, Uholanzi, tangu mwaka 2008 unapasha majengo joto kwa maji ya migodi yake ya zamani, na Gateshead ya Uingereza ilifuata mwaka 2023. Kwetu hakuna anayehitaji kupashwa joto, lakini shimo lenye maji safi linaweza kufuga samaki au kumwagilia mboga, na tayari watu hufanya hivyo kwa akili zao wenyewe. Sina ugomvi. Ila nawaomba watazame Heerlen ilianza na nini: ramani za mahandaki, vipimo vya kina na joto, na chombo chenye jina kinachowajibika kwa maji hayo. Bila hivyo vitatu, bwawa la samaki ni shimo lile lile likisubiri mwaka mbaya.

Linalobaki ni mchimbaji mdogo, ambaye hana benki wala mwanasheria. Kumdai dhamana kama ya kampuni ya dhahabu ni kumfukuza, na atachimba usiku. Kwake yeye njia ni nyepesi zaidi: tozo ndogo kwa kila gari la mchanga, ikae katika mfuko wa shehia husika wala isichanganywe na mapato ya jumla, na kibali cha shimo jipya kisitolewe mpaka la zamani lifukiwe au likabidhiwe. Sheha anajua kila shimo la eneo lake. Anachokosa ni fedha na mamlaka ya kusema hapana.

Sheria si kwamba hazipo. Bara, sheria za madini na mazingira zinatambua dhamana ya kurejesha ardhi, na mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulipofika mwisho mwaka 2021 ulifungwa kwa mpango uliojadiliwa na serikali hadharani. Dhahabu ina bei ya kubeba mzigo huo. Makaa yana bei ndogo na wamiliki wanaobadilika, kwa hiyo ndiyo yanayohitaji mkono mkali zaidi wa sheria, na ndiyo yaliyopewa mlegevu. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA, na ina Mamlaka ya Maji, ZAWA. Mmoja anaangalia mazingira, mwingine mabomba, na vibali vya mchanga viko kwa wizara nyingine. Shimo lililofika majini linaangukia katikati ya hao watatu.

Kwa hiyo Baraza la Wawakilishi litakapokaa kujadili bajeti, natamani mjumbe mmoja wa Kaskazini Unguja aulize mambo mahususi. Mashimo ya mchanga na mawe yaliyoachwa ni mangapi, na ramani yake iko ofisi gani? Mangapi yamefika majini, na chumvi ya visima vilivyo jirani ilipimwa lini? Kila gari la mchanga lililolipa ushuru mwaka jana lilichangia shilingi ngapi kwa kufukia lilikotoka? Na mbunge wa Kyela au Ileje, huko Dodoma, aulize jambo moja tu kuhusu mahandaki ya Kiwira: maji yamefika kina gani leo, na nani analipwa kwenda kuyapima.